Sahani ya Mgeni

Karatasi yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja, na nusu ya ukurasa huo ilikuwa tupu. Rodrigue aliitoa kwenye bahasha ya kaki, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, akasogeza bakuli la maharage kando ili isilowe. Alikuwa amekuja Guildford kutoka Blacktown, vyote vitongoji vya Sydney, bila kupiga simu, kama kaka mkubwa anavyokwenda kwa mdogo wake.

"Ni mstari mmoja tu," alisema. "Jaza, tia sahihi, mambo yaishe."

Juvénal Kubwimana alikuwa ametoka kazini muda huohuo, bado amevaa fulana ya manjano ya ghala anakoendesha foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo. Alinawa mikono kwanza, kisha akaisoma karatasi kwa sauti, polepole: "Mimi, mkuu wa kaya, ninathibitisha kwamba mke wangu, Honorine Niyonsaba, ni wa upande wa..." Hapo ndipo palipoachwa nafasi.

Mke mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Hakuna aliyemtazama.

Ni vizuri nieleze mapema, maana mtu akiikuta karatasi hii njiani atadhani ni ya kesi ya mahakamani. Warundi wa magharibi mwa Sydney walikuwa na vyama viwili kwa miaka kumi na tano. Kimoja kilikuwa cha Wahutu na kingine cha Watutsi, ingawa ungewauliza viongozi wake wangekuapia kwamba kila kimoja ni cha Warundi wote. Kila chama kilikuwa na ukumbi wake na kwaya yake, na siku ya uhuru wa nchi yao waliisherehekea kila upande kivyake, tarehe ileile, saa ileile. Miaka miwili iliyopita wakachoka, au tuseme watoto wao wakawachosha, wakaungana.

Wakaandika katiba. Nchi walikotoka viti hugawanywa kwa asilimia, nao hawakuona sababu ya kubuni kitu kingine. Kifungu cha saba kikasema: mwenyekiti akitoka upande huu, makamu atoke upande ule, na muhula unaofuata wabadilishane. Pakitokea utata kuhusu upande wa mgombea, mkuu wa kaya atathibitisha kwa maandishi, na maandishi hayo hayatapingwa na mtu yeyote. Wazee walikifurahia sana kifungu hicho, wakapeana mikono. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna watu wameoana.

Muhula wa kwanza mwenyekiti alikuwa Rodrigue, Mhutu. Sasa ilikuwa zamu ya Watutsi kutoa mwenyekiti, na waliojitokeza walikuwa wawili: Ephraim, mwenye duka la unga na dagaa, na Honorine, aliyezaliwa Mtutsi na ambaye ndoa yake na Juvénal ilikuwa na miaka ishirini na miwili. Rodrigue aligombea umakamu, peke yake. Alisema anataka kupumzika kidogo.

"Ephraim ameweka pingamizi," Rodrigue alieleza. "Anasema mwanamke ni wa alikoolewa. Kwa hiyo Honorine ni wa kwetu, na sisi zamu yetu imekwisha. Umesikia maajabu hayo? Wanamtupa mtu wao."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ni wa kwao. Andika hivyo. Akipita, mwenyekiti analala nyumbani kwako, makamu ni mimi. Tutakuwa tumebadilishana viti bila kuhama. Unaona?"

"Naona," alisema Juvénal.

"Shemeji, utakula?" Honorine aliuliza kutoka mlangoni.

"Usijisumbue, shemeji. Usijisumbue kabisa."

Alisema kwa adabu sana. Rodrigue hajawahi kumkosea Honorine adabu hata siku moja, na hapo ndipo penye kidonda. Kila Krismasi, nyumbani kwa Rodrigue, wanawake wengine wa ukoo walikula kwenye sahani za plastiki jikoni, wakigombana na kucheka. Honorine alikalishwa sebuleni, akapewa sahani ya udongo yenye ukingo wa dhahabu, akapakuliwa wa kwanza. Alipoinuka kusaidia kuosha vyombo, Spéciose, mke wa Rodrigue, alimrudisha kwa mkono laini: "Kaa tu, dada. Mgeni haoshi vyombo." Mwaka wa kwanza alidhani ni heshima. Mwaka wa tatu alikuwa ameshaelewa.

*

Sasa kwa nini mama wa watu, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuwaogesha wazee katika makao ya kutunzia wazee, ahangaike na uenyekiti? Ni kwa sababu ya Daphrose.

Daphrose alikuwa mjane. Baba yake Mhutu, marehemu mumewe Mtutsi. Alifariki hospitalini mwezi wa saba, katikati ya baridi, na maiti yake ikakaa siku kumi na moja. Gharama zilishapatikana na kaburi lilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano ya kwaya ipi iimbe na wazee wa upande upi wakae mstari wa mbele kupokea rambirambi. Vikao vitano vilifanyika, vyote vikafunguliwa kwa sala. Siku ya tisa, binti wa marehemu alimshika Honorine mkono kwenye maegesho ya magari, akamwuliza, "Mama yangu aliwakosea nini?" Honorine alimkumbatia. Alilia garini peke yake, kisha akapangusa uso, akaenda kazini.

Kwa katiba, misiba ni kazi ya makamu. Mwenyekiti kazi yake ni kushikana mikono na waheshimiwa na kupigwa picha. Lakini umakamu muhula huu ulikuwa wa Wahutu, na mlango uliokuwa wazi kwa Honorine ni wa uenyekiti tu. "Nitaingilia huohuo," alimwambia mumewe. "Nikishaingia, asingoje mtu mwingine siku kumi na moja."

*

Siku ya Alhamisi Ephraim alimsubiri Juvénal nje ya kituo cha treni cha St Marys, saa za kutoka kazini. Alikuwa amevaa koti zuri. Juvénal alikuwa na begi la chakula lililonuka samaki.

"Mzee Juvénal, habari za kazi?"

"Nzuri. Umepotea njia?"

"Nimekuja kwako. Nataka ujue sina ugomvi na dada yetu."

"Umesema dada yetu."

"Ni namna ya kusema tu," Ephraim alisema, akacheka kidogo. "Sikiliza. Huyu mama aliacha watu wake akakufuata kambini, Tanzania. Akapanga foleni ya mahindi na ninyi. Akazaa na wewe. Kama huyo si wenu, wenu ni nani? Utasimama mbele ya watu uandike kwamba mke wako ni mtu wa nje?"

Juvénal alihamishia begi mkono wa pili.

"Mimi ningeona haya," Ephraim alisema. "Lakini kila mtu na nyumba yake."

Akamshika bega, akaondoka. Vijana wawili wa ghalani waliokuwa wakivuta sigara karibu na ngazi walimtazama Juvénal, mmoja akamwuliza kwa Kiingereza kama yule bwana anamdai. Juvénal akasema hapana. Akashuka kungoja treni, na njia nzima mpaka nyumbani lile neno la haya likawa linamchoma.

Kilichomchoma ni kwamba lilikuwa kweli. Tangu wafike Sydney amekaa sebuleni kwa kaka yake akiitazama ile sahani ya ukingo wa dhahabu, na hajawahi kufungua mdomo. Mama yake alipokuwa hai aliogopa kumwudhi. Mama alipofariki, akaogopa kumwudhi kaka.

*

Jumamosi asubuhi Honorine alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi. Tangu Jumanne, Rodrigue alipoileta karatasi, alikuwa akingoja aulizwe yeye ni wa upande upi. Alikuwa ameapa kutomtafunia mtu swali hilo: likiulizwa atajibu, lisipoulizwa atanyamaza.

"Karatasi inatakiwa kesho," alisema Juvénal.

"Najua."

"Nimeifikiria sana."

Honorine akasimamisha pasi. "Enhe?"

"Usiwe na wasiwasi, Mama Ikirezi. Nitaandika la kukuheshimu."

"La kuniheshimu ni lipi?"

"Wewe niachie mimi."

Binti yao Ikirezi, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa akila mkate kaunta. Kiswahili alikielewa chote, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza. "Dad, just ask her," alisema.

"Haya ni mambo ya katiba," baba alisema.

"It's literally about Mum."

"Na mimi ndiye mkuu wa kaya. Imeandikwa."

Honorine akairudisha pasi kwenye nguo, akaibonyeza kwa nguvu kuliko nguo ilivyostahili.

*

Uchaguzi ulifanyika Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa kukodi Blacktown. Lugha ya kikao ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa vijana waliokulia kambini Kirundi chao ni cha kuombea maji, na waliozaliwa Australia hata maji wasingeyapata. Jikoni kulikuwa na masufuria makubwa mawili ya maharage. Chama kilikuwa kimoja kwa miaka miwili sasa, masufuria yakabaki mawili, na foleni za chakula mbili. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na hakuna aliyethubutu kupanga vinginevyo.

Msimamizi alikuwa Cheryl, mama wa miaka sabini hivi, Mwaborijini, yaani wa wenyeji wa asili wa Australia, aliyesimamia chaguzi maisha yake yote na sasa amestaafu. Walimwomba kwa sababu hakuwa wa upande wowote. Honorine alimpelekea chai, na Cheryl akamwomba akae.

"Nimesoma katiba yenu," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Hiki kifungu cha saba kinanisumbua. Anayeandika upande wako ni mumeo?"

"Ndiyo."

"Wewe umeulizwa?"

"Bado."

Cheryl akatazama saa ya ukutani. "Zimebaki dakika ishirini, mpenzi."

Honorine akacheka, kisha hakucheka tena.

"Mama yangu alikuwa na karatasi ya namna hiyo," alisema Cheryl. "Miaka ya hamsini. Ya serikali, na picha yake imebandikwa. Ilisema sheria za watu weusi hazimhusu tena. Aingie madukani, watoto wake wasome na wazungu. Kwa sharti kwamba asionekane na jamaa zake."

"Akaikataa?"

"Alikuwa na watoto wanne. Akaichukua. Akasema, mimi sikuiandika, lakini kwa kuwa wao wameshaiandika, hakuna mlango uliotajwa humu nitakaouacha. Na jamaa zake akawa anaonana nao mtoni, kwa kujificha." Cheryl akanywa chai. "Chai yenu ina tangawizi nyingi. Ni tamu."

Honorine akashukuru, akarudi ukumbini.

*

Walikuwa wanachama mia moja na kumi na watatu. Bahasha ilifunguliwa mbele yao, na katibu akapewa karatasi aisome. Rodrigue alikaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu. Ephraim alikaa upande wa pili, amefumba macho kama anayesali.

"Mimi, mkuu wa kaya," katibu alisoma, "ninathibitisha kwamba mke wangu, Honorine Niyonsaba, ni wa upande wa kwetu." Akasita, maana maandishi yaliendelea. Juvénal hakuridhika na mstari mmoja. "Ni wa kwetu tangu siku niliyomwoa. Aliyemkalisha kama mgeni alikosea. Mimi pia nilikosea, kwa sababu niliona nikanyamaza. Juvénal Kubwimana."

Upande wa Ephraim wakapiga makofi. Rodrigue akashusha mguu. Alimtazama mdogo wake kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa.

Juvénal alikuwa amemgeukia mkewe. Uso wake wote uling'aa, kwa kuwa aliamini amempa zawadi. Na kweli alikuwa amempa. Honorine aliyangoja maneno hayo miaka ishirini na miwili, na sasa yamesomwa hadharani, kwa kipaza sauti, siku ambayo yalimtoa kwenye uchaguzi. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumzaba kofi. Vyote viwili alivitaka kwa moyo wote.

"Kwa maandishi haya," Cheryl alisema, na katibu akafasiri, "jina la Honorine linaondolewa kwenye uenyekiti. Ephraim amepita bila kupingwa."

Makofi tena. Ephraim akafumbua macho.

"Umakamu, kutoka upande wa Wahutu. Nina jina moja, la Rodrigue. Kuna pendekezo jingine kutoka ukumbini?"

Lilikuwa swali la kutimiza utaratibu. Watu walishaanza kugeuka kutazama jikoni, kina mama wakitafuta mitandio yao. Honorine akanyoosha mkono.

"Napendekeza Honorine Niyonsaba."

Vichwa vyote vikamgeukia yeye.

"Anayependekeza jina lake mwenyewe anahitaji wa kumuunga mkono," alisema Cheryl.

"Me," sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa Ikirezi, amesimama juu ya kiti. "I mean, mimi. Mimi naunga mkono."

Rodrigue akaruka. "Pingamizi! Huyu si..."

Akaishia hapo.

"Si nini, shemeji?" Honorine aliuliza. Hakupaza sauti.

"Umakamu ni wa upande wetu."

"Ndiyo. Na mimi?"

Rodrigue akaitazama karatasi mkononi mwa katibu. Akamtazama Juvénal. Juvénal, ambaye ndiyo kwanza alianza kuelewa alichokifanya, alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Ndugu Rodrigue," alisema Cheryl, kalamu tayari, "pingamizi lako ni kwamba mgombea si wa upande wenu? Niandike hivyo?"

Kuandika hivyo kulikuwa kumwita ndugu yake wa tumbo moja mwongo mbele ya watu mia na zaidi, na simu za vijana zilishainuliwa zinarekodi. Kulikuwa pia kupinga maandishi ya mkuu wa kaya, ambayo yeye mwenyewe, akiwa mwenyekiti, alitia sahihi kwenye katiba kwamba hayatapingwa. Rodrigue alitoa leso akajifuta shingo.

"Usiandike hivyo."

"Niandike nini?"

"Andika... andika ni wa kwetu."

"Hatusikii!" mzee mmoja wa upande wa Ephraim alipiga kelele kutoka nyuma, na alikuwa amesikia vizuri sana.

"Ni wa kwetu!" Rodrigue alifoka. "Ni wa kwetu, jamani, mmeridhika?"

Wakapiga kura. Honorine alipata hamsini na tisa, Rodrigue hamsini na moja. Tatu ziliharibika, mojawapo ikiwa imeandikwa tu "Mungu anawaona".

*

Chakula kilipopakuliwa foleni zilikuwa mbili kama kawaida. Honorine aliziangalia, akajua kwamba hata hizo zitahitaji kazi, na si ya siku moja. Juvénal alimjia na sahani mbili, moja yake, moja ya mkewe, akitembea kama mtu asiyejua atapokewaje.

"Umeandika vizuri," Honorine alimwambia.

"Kweli?"

"Vizuri sana. Hata nikifa leo nimeyasikia." Akapokea sahani. "Ila hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungesema niandike nini?"

Honorine alifikiri. Kulikuwa na mji aliozaliwa, na kaburi la baba yake huko, ambalo hajaliona tangu aolewe. Kulikuwa na foleni ya mahindi kambini. "Sasa hutajua," alisema. "Mimi pia nilitaka kujua. Nilingoja uniulize ndiyo nijue."

Juvénal akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza hakujaribu kujitetea.

Ndipo sauti ya Spéciose ilipotoka jikoni, kali, ya mwanamke ambaye mume wake ameaibishwa mchana kweupe. Alisimama dirishani pa kupakulia, mikono imejaa povu, akaita ili ukumbi mzima usikie.

"Honorine! Wewe wa kwetu! Haya masufuria unadhani ataosha nani?"

Watu wakaguna. Wengine wakacheka, maana ilisemwa ili iume: makamu mwenyekiti, na gauni lake jipya la kitenge, anaitwa kuosha masizi. Juvénal akasimama kutaka kumjibu shemeji yake. Honorine akamwekea sahani yake mkononi, juu ya ile nyingine.

Katika miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa ukoo huo aliyewahi kumwita aoshe hata kikombe. Akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, akaenda haraka, kabla Spéciose hajabadili mawazo.